Kompyuta ya Master Nsiah na Marehemu Wanaoshika Sikio

Maame Fosuaa mpendwa,

Nakuandikia nimekaa kwenye stuli nje ya duka langu mwenyewe, mchana wa jua kali, kwa sababu ndani kuna kompyuta ambayo sitaki kubaki nayo peke yangu, na hapohapo naogopa mtu mwingine asije akainunua, kwa hiyo nakuomba unisaidie kabla sijarukwa na akili.

Mimi natengeneza filamu za misiba hapa Kumasi, maeneo ya Asafo, na wewe unajua siku hizi watu hawaridhiki tena na picha ya marehemu kwenye bango, wanataka Jumamosi ya mazishi pale kwenye skrini kubwa picha ifumbue macho, igeuze shingo, itabasamu, iwapungie mkono waliokuja kuzika, na asiyeweza kuwafanyia hivyo hapati kazi, na mimi laptopu yangu nikiipa picha moja tu inapata moto mpaka huwezi kuigusa halafu inazima, basi muda wote huu nimekuwa najinyima ili ninunue kompyuta ya mezani yenye nguvu, ile yenye kadi kubwa ya picha, lakini kila nikikaribia bei, bei nayo inasogea. Razak, anayeuza kompyuta kule Adum, leo ananiambia ninunue haraka kwa sababu vifaa vinapanda dunia nzima, wiki ijayo ananiambia nisubiri mzigo utakaokuja baada ya Pasaka, na nikimuuliza nishike lipi anacheka tu, eti, "Sista, mimi nauza, sitabiri."

Nikiwa katika hali hiyo ndipo akafariki Master Nsiah, aliyenifundisha kazi, yule wa ghorofani juu ya maduka ya vitambaa, nina hakika hata wewe umewahi kuhudhuria msiba ambao filamu yake aliitengeneza yeye. Alikuwa mpole, ana mke mmoja, hana marafiki wengi, anashinda mbele ya mashine yake, na alikuwa na tabia moja ambayo sisi wanafunzi tulikuwa tunamwiga akitoka, kwamba kabla hajasema neno anashika ncha ya sikio la kushoto kwa vidole viwili, kama mwanamke anayehakikisha hereni haijaanguka. Sasa mwili uko mochwari unasubiri mazishi. Kwenye kile kikao cha wiki moja baada ya kifo, mzee wa ukoo wao, Agya Oppong, alisimama akatangaza mbele yetu sote kwamba kitu chochote cha marehemu kisitoke chumbani mpaka azikwe na arobaini ipite, ndipo ukoo ukae na ugawe.

Maame, niliyasikia hayo, nilikuwa nimekaa mstari wa pili na nguo zangu nyeusi.

Kesho yake Anti Birago, mjane wake, akaja dukani na teksi, na kwenye buti kulikuwa na kompyuta ya Master imefunikwa shuka. Akaniambia, "Dufie, hii nilimnunulia mimi kwa hela ya samaki wangu. Ukoo wakiikuta itakwenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, maana kwao ndiye mrithi, na huyo mpwa hajui hata kuiwasha. Ifanyie kazi kwanza, ukiridhika unilipe." Bei aliyotaja ni nusu ya bei ya Razak. Na ukoo wenyewe walikuwa wameshanipa kazi ya kutengeneza filamu ya Master, kwa hiyo nikajiambia ni haki atengenezewe kwa mashine yake mwenyewe, nikamsaidia kuibeba.

Mashine ni nzuri, siwezi kusema uongo, kazi ya siku nzima inaimaliza wakati mimi nakula kenkey. Marehemu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Bantama, akafumbua macho vizuri, akatabasamu, halafu akainua mkono akashika sikio la kushoto. Sikuwa nimemwagiza. Nikaona ni mambo ya programu, nikairuhusu ipite. Aliyefuata alikuwa mama muuza mkate, kichwani amefunga kitambaa kinachoziba masikio kabisa, na mkono ukapita chini ya kitambaa ukalitafuta sikio. Nikabadilisha kila kitu kinachobadilishika, nikaiagiza mashine marehemu atabasamu tu, mikono isionekane, na wa tatu akatabasamu, kisha mkono ukaingia kutoka nje ya picha.

Kwenye msiba wa yule mwalimu, mjane wake, bibi mtu mzima, alivuta kiti cha plastiki mpaka karibu na skrini, akatazama, kisha akaniita, wala hakuwa na hasira. Akasema, "Sura ni ya mume wangu. Lakini aliyemo ndani si yeye."

Juzi ndipo nikaweka picha ya Master mwenyewe. Kwenye laptopu yangu ile mbovu, kabla haijazima, alikuwa ametabasamu kidogo, nina ushahidi. Kwenye mashine yake hakufanya chochote. Feni zilinguruma adhuhuri yote, meza ikatetemeka, na filamu iliyotoka ni Master amekaa kimya toka mwanzo hadi mwisho, hafumbui kinywa, hapepesi macho, anakutazama tu kama anayesubiri umalize kuongea. Nimerudia mara nyingi. Wengine wote wanashika sikio kama alivyokuwa akishika yeye, isipokuwa yeye mwenyewe. Na sasa feni zinaanza kuzunguka zenyewe bila mimi kuipa kazi, na jana nilipokwenda kwa Razak kuuliza bei aliniangalia akaniuliza, "Sista, sikio linakuuma?" nikagundua mkono wangu uko pale.

Anti Birago anataka jibu wiki hii kwa sababu Agya Oppong ameomba funguo za chumba. Nikiirudisha sitapata mashine kama hii kwa bei hii maisha yangu yote, na bila mashine nitafunga duka. Nikiinunua nitaweza kukaa nayo? Au nichukue mpya kwa Razak, na kama ni mpya, ni sasa au baada ya Pasaka? Nisaidie.

Dufie, Asafo

*

Dufie mwanangu,

Umeniuliza uinunue au usiinunue, na ikiwa mpya ni lini. Lile kubwa umelipitia haraka haraka ukiwa na nguo zako nyeusi mstari wa pili. Umesikia kwa masikio yako kitu kisitoke, kesho yake umeshika upande mmoja wa kompyuta na mjane ameshika wa pili, mnaiingiza dukani. Zana ya mtu ambaye bado yuko mochwari, hajaagwa, wewe umeshaiwasha na kuipa kazi ya watu wengine. Halafu unashangaa yeye amekaa kimya anakutazama. Hata mimi ningekutazama.

Pole, lakini. Najua njaa ya zana inavyomuuma mtu anayeijua kazi yake, na najua Birago naye hakuja na hila. Ameona wajane wenzake wakitolewa na sanduku la nguo tu. Kama kweli aliinunua kwa hela ya samaki wake basi ana haki, na haki haibebwi kwenye buti imefunikwa shuka. Mwambie atafute waliomwona akilipa, asimame nao mbele ya kikao aseme wazi. Ukoo ukimpuuza, sheria ya nchi haimwachi mjane mikono mitupu, aende akaulize kwa wanaoijua. Akiificha sasa, hata cha kwake kitaitwa cha wizi.

Kwa hiyo irudishe leo, mchana kweupe, bila shuka, teksi ileile, wewe na Birago mkiwa pamoja. Mkimkuta Agya Oppong mlangoni, mwambieni mlichofanya. Atafoka. Mwacheni afoke, akimaliza mpeni kiti.

Sasa suala la kununua. Mwache Razak na Pasaka yake. Bei ya vitu hivi siku zote imepanda jana au itashuka kesho, anayesubiri siku nzuri anazeeka na laptopu inayozima. Siku ya kununua ni ile ambayo kazi ulizokwisha kukubaliana na watu zinatosha kuilipa, si kazi unazoziota. Usinunue kwa taa za rangi zinazowaka ubavuni, marehemu hawazioni. Hela nyingi iende kwenye kadi ya picha, kwa sababu hiyo ndiyo inayofanya kazi yako, na inayofuata iende kwenye kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine, kile ambacho kila mtu anabania halafu kinaondoka na vingine vyote. Kumbukumbu unaweza kuongeza baadaye. Stebilaiza na betri ya akiba ununue siku hiyohiyo, maana umeme wetu unaujua. Na usiitoe dukani kabla hujaipa kazi yako nzito kuliko zote, palepale kwa Razak, saa ya joto, mpaka ipate moto na bado iendelee. Akikwambia ana haraka, mwambie na wewe una haraka, nenda kwa jirani yake.

Filamu ya Master kaifanyie kwenye mashine ya mwenzako, mlipe siku yake. Arobaini ikipita, kama moyo bado uko kwenye ile kompyuta, nenda kwa Agya Oppong na chupa ya schnapps, ile pombe kali ya kuwamiminia wahenga, mkono wa kulia, kichwa wazi. Atakapoimimina chini, amtajie Master kwa jina ni nani anachukua zana yake na kwa kazi gani. Mlipe yule atakayetajwa na kikao. Kisha uifute mashine yote, usibakize hata picha moja, uanze nayo upya.

Kuhusu sikio, nitakwambia ninavyofikiri. Programu hizo hufundishwa kwa uso wa mtu aliye hai. Master alikuwa mtu wa peke yake, umesema mwenyewe. Angemwita nani akae mbele ya kamera siku nzima akitabasamu na kugeuka? Alikaa mwenyewe. Kila marehemu wa Kumasi aliyepita kwenye mashine ile ameazimwa mkono wa Nsiah. Na wewe kushika sikio si ajabu, uliketi pembeni yake miaka, fundi humwachia mwanafunzi wake zaidi ya kazi. Kwa nini yeye peke yake hatikisiki, hapo sina maelezo, na sitajifanya ninayo.

Ningeishia hapa nikaenda kupika, lakini filamu ya msiba wa mume wangu ilitengenezwa na Master Nsiah.

Kila Jumapili nikitoka kanisani huwa naiwasha. Mume wangu anafumbua macho, anatabasamu, anashika sikio lake, na mimi hulia hapohapo, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya akitaka kunitania. Nimewahi kuwaambia wajukuu hivyo. Jana, baada ya kusoma barua yako, nilimwita binti yangu nikamwonyesha, nikamuuliza kama baba yake alikuwa na tabia ile. Akasema, "Hapana, Mama. Hajawahi. Tuliona inakufariji, tukanyamaza."

Kwa hiyo lile shauri la mashine ya mwenzako nalifuta, picha ya Master iache kama ilivyotoka kwenye mashine yake. Iweke kwenye skrini kubwa ametulia hivyohivyo, na ukoo wakikuuliza kwa nini hatikisiki, waambie amepumzika. Mimi tangu jana nimekaa najaribu kukumbuka mume wangu alikuwa akifanya nini kwa mikono yake kabla hajasema neno. Mpaka ninapoandika hapa, mkono unaonijia ni ule wa Nsiah.

Maame Fosuaa