Avoine Imemhamisha Mama

Bel-Air, Kampemba,
Lubumbashi,
tarehe 23 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Donat,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Liège? Mgongo unaendeleaje, na ile kazi ya kubeba masanduku bado haijakuvunja? Huku baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi mtu akisema neno anatoa moshi. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linanung'unika kila nikipiga magoti kanisani. Nilitaka kuandika kwamba sote tu wazima, lakini nyumba hii haina tena watu wa kuitwa sote. Nimebaki peke yangu.

Najua wamekwisha kukupigia simu. Mkeo ana mdomo mwepesi, na simu yake haiishiwi mayunite. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu, maana kwenye simu unanikatiza kabla sijamaliza hata salamu.

Jambo ni hili: mama yetu amehama. Anakaa Naviundu, kwa Mzee Mumbere, baba wa mkeo. Soma tena, Donat. Mama wa bwana analala na kula kwa wazazi wa bibi. Marehemu baba alipokwenda kukuposea Exaucée alikaa mle ndani mchana kutwa bila kugusa hata karanga, kwa sababu kwetu mtu halambi vidole mbele ya wakwe. Leo mjane wake anakaa kwenye ua uleule na kuomba aongezewe sukari.

Kabla hujanihukumu, nisikilize. Wewe uliniletea mke akae hapa akingoja viza yake. Sikumpenda, lakini nilimpokea. Nilimpa chumba cha nyuma, kile kinachovuja, na hakulalamika, jambo ambalo lilizidi kuniudhi. Mtu asiyelalamika humwachi mpaka umpate na kosa.

Tangu malaria ya Aprili, na meno ya chini kung'olewa, mama alikataa bukari, ugali wetu wa kila siku. Namfinyangia tonge dogo, nalichovya kwenye mchuzi wa sombe, majani ya muhogo, yeye analizungusha mdomoni weee, kisha analitema kwenye kitambaa. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inaanguka kwenye maji ya kunawa. Ndiyo, nilimgombeza. Nilimwambia tumbo lisilotaka bukari linataka kaburi. Nilisema hivyo kwa hofu, lakini nilisema.

Hapo ukaingia wewe na video zako. Ukamfundisha mkeo, kwenye kioo cha simu, kiamsha kinywa cha huko kwenu: avoine, ile nafaka ya wazungu, iliyookwa na matunda. Akaenda mjini kuinunua dukani kwa wazungu. Umeme ulikuwa umekatika kama kawaida, basi akapikia kwenye mbabula, jiko letu la mkaa. Akaponda ndizi mbivu, akavunja mayai, akakoroga maziwa ya unga kwa maji ya moto, akatia chembe ya chumvi na mdalasini, akamwagia avoine na vipande vya papai. Akaiweka sufuria juu ya makala machache, akafunika, na juu ya kifuniko akapanga makala mengine yanayowaka. Mimi nilimpa makala mabichi makusudi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na bado ikaiva. Juu ilikuwa ya rangi ya mkate, chini laini, na harufu ilivuka ukuta mpaka jirani yetu Espérance akaja kuuliza tuna sherehe gani.

Mama alikula sahani nzima. Kesho yake alikula tena, na kesho kutwa akaamka kabla ya mimi akimwita Exaucée. Akaanza kumwita "mama yangu mudogo". Donat, mimi nimemwogesha mama miaka hii yote. Nimemkata kucha, nimemfulia mashuka, mume wangu Zéphirin alinikimbia akisema nimeolewa na mama yangu. Sikuwahi kuitwa mama yangu mudogo. Nilikuwa naitwa "Brizitte, mulango!" nikaufunge, kwa sababu ya upepo. Niliona wivu, na sioni haya kukuandikia.

Sasa kuna kitu wewe hukijui, kwa sababu wewe ni kitinda mimba na wenzako walikubembeleza. Babu yetu, baba yake mama, alipotoka Kabalo hakuanza na ile kazi ya reli unayoijua. Alianza kwa mzungu mmoja hapa mjini, akichunga farasi. Farasi wale walilishwa avoine. Mwaka mmoja wa njaa babu alikamatwa akitoka na kiganja cha avoine mfukoni, akalazwa chini mbele ya watu akachapwa fimbo mpaka suruali ikashikamana na ngozi. Mama alikuwa mtoto, aliyaona. Alinisimulia mimi peke yangu, mara moja tu, akanikataza kulirudia.

Kwa hiyo nilijua tangu sahani ya kwanza. Mama hakujua, kwa sababu Exaucée alimwambia ni "gato ya matunda", keki tu, na kweli ndani ya ndizi na papai avoine haionekani. Mimi nikanyamaza. Niliweka lile neno kama mtu anavyoweka nyama ya Pasaka.

Jumapili moja, baada ya misa ya kwanza, Espérance alikuwa amekaa nasi barazani. Mama alikuwa katikati ya sahani, mdomo umejaa, anacheka. Ndipo nikasema, kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, unajua ile unakula iko nini? Iko avoine. Chakula ya farasi. Ile balichapia baba yako fimbo."

Exaucée aliweka mkono mdomoni. Alianza kulia, akasema, "Mama, unisamehe, sikujua, Mungu wangu." Espérance alitazama miguu yake. Mimi nilimtazama mama, nikingoja ateme.

Mama alitafuna. Akameza. Akapangusa midomo kwa ncha ya kitenge, akaniuliza: "Brizitte, weye ulijua tangu siku ya kwanza?"

Nikamjibu ndiyo, nilijua.

"Na ukaniacha nikule, juu uchague siku ya kunipiga nayo?"

Akaendelea, bila kupandisha sauti: "Baba yangu balimuchapa, kweli. Lakini haikukuwa mara moya alileta. Ile siku balimukamata tu. Ile avoine ya mu mufuko njo tulikulia, miye na bandugu yangu. Mama alikuwa anaitwanga, anatupikia bubu, uji ya batoto. Fimbo ilikuwa ya muzungu. Leo fimbo iko ya mutoto yangu."

Kisha akasukuma sahani kwa Exaucée, akasema aongezewe.

Nilidhani yamekwisha. Mama akikasirika huwa ananinunia mpaka jioni, kisha anaomba chai. Lakini alipomaliza kula alimtuma Exaucée akamkunjie vitenge vyake, blanketi, rozari na picha ya baba. Nikamwambia, utaenda wapi na miguu hiyo? Nikamkumbusha aibu ya kulala kwa wakwe. Nikamwambia mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Akanijibu: "Haya basi, miye ninaenda kwa wenye kula na miye. Kufa nitakufa siku ingine." Teksi ikaja, mkeo akapanda naye kwenda kwa baba yake, Espérance ndiye aliyembebea begi. Huyo jirani mnafiki simsalimii tena.

Usifikiri sikwenda kumrudisha. Nilikwenda Alhamisi hii iliyopita, nimevaa vizuri, nimebeba sombe aliyokuwa akiipenda. Nilimkuta uani kwa Mzee Mumbere, kwenye kiti cha mgongo mrefu, jua limempiga mabegani. Amenenepa, Donat. Pete imekaa kidoleni. Nikapiga magoti nikamsalimu, nikasema mama, turudi nyumbani, nimekosa. Aliniangalia kwa adabu, vile unavyomwangalia mtu aliyekosea mlango. Kisha akamgeukia mkeo.

"Exaucée, mupe mugeni kiti. Mupe na chakula, ametoka mbali."

Kutoka Bel-Air hadi Naviundu ni mbali gani? Nikapewa kiti. Nikapewa sahani, ya moto, ya ndizi na papai. Mbele ya wakwe, Donat, mimi ambaye nimewafundisha watoto wa nusu mtaa kwamba kwa wakwe hatuli. Nilikula yote. Nilikuwa na njaa, tangu aondoke sijui kupika cha mtu mmoja. Ilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Nilipoaga, mama alisema "karibu tena", kama tunavyosema kwa watu wote.

Basi hayo ndiyo maelezo yangu. Mkeo ukitaka umsifu, msifu, lakini barua zako za sifa zisipitie kwangu. Na usitume avoine kwenye anwani hii.

Nisalimie jamaa zetu wa huko, Yannick na mkewe Bénie, na wale watoto wao wasiojua hata neno moja la kwetu. Mungu akulinde na hiyo baridi, akupe karatasi zako, na akupe watoto wenye subira kuliko mimi. Ukimpigia mama, usimwambie nimeuliza habari zake. Lakini muulize kama usiku anafunikwa vizuri, na kama kuna anayefunga mlango upepo ukivuma, kisha unijulishe.

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda hata leo,

Brigitte