Amri ya Treni Namba 25

318 Mtaa wa Mill,
Kettle Run, Pennsylvania.
Jumapili, 29 Machi 1998

Mpendwa Kaka Emil,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani, ambako theluji imekataa kuondoka na matope nayo yameshafika. U hali gani? Goti linasemaje na baridi ya Saskatoon? Noreen hajambo? Na wale vijana wako wawili, ambao kwenye picha ya Krismasi niliwaona wamefuga ndevu kama mapadri wa zamani, wanaendeleaje? Mimi mzima. Bado niko pale pale ofisini kwa shule, bado nagombana na mashine ya kunakili, na bado inanishinda.

Mama anaendelea vizuri, ila nyonga inamuuma hali ya hewa ikibadilika. Nilikuandikia Februari kwamba alianguka kwenye ngazi za chumba cha chini. Mwenyewe alisema alikuwa anafuata chupa ya matango ya siki. Hayo matango yaweke akilini, nitayarudia.

Daktari amempiga marufuku ngazi. Kitanda chake kiko juu, bafu liko juu, na tangu atoke hospitali analala kwenye kochi sebuleni na kunung'unika kwamba tunamlaza kama mgeni. Unaijua nyumba yetu ilivyokaa mtelemkoni. Mahali pekee mtu anapoweza kuingia kutoka nje bila kupanda hata kidato kimoja ni mlango wa nyuma, ule wa chumba cha chini. Basi tukaamua chumba cha Mama kiwe huko: kitanda, bafu, dirisha la kutazama bustani yake ya kabichi.

Ila huko chini ni kwa Baba.

Ulinikataza kuandika habari zake na nimetii miaka yote. Hata alipofariki Januari nilikuandikia mistari mitatu tu, na hukuja, nami sikukulaumu. Leo navunja ahadi. Ukitaka kunikasirikia nikasirikie, lakini isome barua hii mpaka mwisho.

Ulipoondoka palikuwa na meza moja kando ya tanuri na treni moja ya kuzunguka. Hujui kilichoendelea baadaye. Baba alijenga Kettle Run yote. Ukuta hadi ukuta, Emil. Kanisa, kiwanda cha chuma, daraja, Mtaa wa Mill, kila nyumba na taa yake dirishani. Na ni Kettle Run ya Oktoba mwaka ule ulipoondoka, siyo siku moja mbele. Duka la mikate lililoungua mwaka sabini na mbili limesimama, na Bibi Pavlik, ambaye nilimsindikiza makaburini mwenyewe, anafagia mlangoni. Nilijiona mimi kibarazani na sweta langu jekundu, mrefu kama kucha. Mama anaanika nguo. Nusu ya watu wa mji ule wamekufa, na pale wako kwenye shughuli zao kama kawaida. Nilikuwa nikishuka na kikapu cha nguo chafu napita mbio.

Kila Alhamisi wazee wenzake walikuja na kofia zao za reli. Ole wako useme wanacheza. Palikuwa na saa ukutani, ratiba, na kila treni ilitembea kwa amri iliyoandikwa kwenye karatasi nyembamba na kutiwa sahihi, vilevile kama kazini kwake mnarani, alikokuwa akiongoza treni. Treni zote zilitembea isipokuwa Namba 25. Hiyo ilikaa stesheni, taa ya mbele inawaka, mlango wa behewa uko wazi. Wazee waliizoea. Walifikiri ni kichwa kigumu cha Baba tu.

Mwaka themanini na tatu Curtis Beamer, yule mfamasia, alidhani imesahaulika. Akazungusha swichi, 25 ikasogea kama urefu wa mkono. Baba alizima umeme wa mji mzima. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nikasikia.

"Curtis, chukua kofia yako upande juu."

"Andy, nilidhani..."

"Hapa hatudhani. Hapa tunafuata amri."

Curtis hakukanyaga tena nyumba hii mpaka siku ya mazishi. Baba aliirudisha 25 nyuma kwa kidole, polepole, mpaka ikakaa pale pale ilipokuwa.

Sasa nikwambie jambo la kunichekea. Tangu Baba afariki, ninaisikia. Naosha vyombo saa tisa mchana, jua linawaka, na kwenye mabomba ya kupashia nyumba joto nasikia tiki-tiki, tiki-tiki, kama magurudumu madogo yanapita kwenye maungio ya reli. Na kidato cha mwisho cha ngazi kinanuka tumbaku ya kiko chake, hicho kimoja tu. Unanijua, mimi si mtu wa mizimu. Nilimwita fundi wa mabomba. Akasema mabomba ni mazima, akanywa kahawa akaenda.

Fundi wa ujenzi tuliyempata anaitwa Dwayne, kijana mkubwa kama friji lakini mpole. Alikuja, akagonga kuta, akatuonyesha unyevu ulivyopanda nyuma ya milima ya plasta, akasema hawezi kupigilia hata msumari mmoja kabla vitu vyote havijatoka. Nikawapigia Walt Sedlak na Curtis. Walt unamkumbuka, alikuwa dereva wa treni. Wamekubali kuyachukua makusanyo yote kwa ajili ya ukumbi wa kanisa. Walikuja Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu asubuhi na masanduku na magazeti ya kufungia.

Kazi ilikuwa ngumu kuitazama. Vichwa vya treni mia moja na kitu, kila kimoja kimefungwa gazetini kama yai. Nyumba ziling'olewa moja moja. Dwayne alipoanza kuikata milima kwa msumeno, vumbi jeupe lilijaa, tukawa tunakohoa sote, na wale wazee wawili wakavua kofia bila kuambiana. Nililia, sitakuficha. Niliona kama mji unazikwa mara ya pili.

Kufikia saa sita kilibaki kipande kimoja katikati, cha stesheni na mnara wa ishara, na 25 imesimama juu yake. Dwayne akaenda kukata umeme ili ang'oe nyaya. Taa zote zikazimika. Tukabaki na mwanga mdogo wa manjano, kichwani mwa Namba 25.

Dwayne alisema neno ambalo sitaliandika siku ya Jumapili.

Walt alipiga magoti akapapasa chini ya ubao, akatoa betri kubwa, ile ya taa ya mkononi. Ni Baba aliyeunganisha hivyo, hata umeme ukikatika taa isizime. Lakini betri ilikuwa mpya. Juu yake palikuwa na tarehe kwa kalamu: 17 Februari. Baba alifariki tarehe kumi na moja Januari. Tulitazamana. Curtis akajifanyia ishara ya msalaba, na Curtis ni Mmethodisti, wasio na desturi hiyo.

Nilipanda mbio nikamkuta Mama kwenye kochi anamenya viazi.

"Mama, nani alibadilisha betri kule chini?"

"Nani mwingine? Wewe?"

"Kwa hiyo ndivyo ulivyoanguka!"

"Nilianguka kwa sababu ya slipa. Betri nilikuwa nimeshaitia."

"Ulisema matango!"

"Ulitaka niseme nini? Nakwenda kumwashia mwanangu taa? Ungenipeleka kwa daktari wa kichwa." Akakitazama kiazi mkononi. "Baba yako kule hospitali hakuuliza nyumba, hakuuliza pensheni. Aliniuliza kila asubuhi, taa inawaka? Nikasema inawaka. Sasa ikizimika, si nitakuwa nimemdanganya marehemu?"

Niliporudi chini, Walt alikuwa ameshika paa la mnara wa ishara, dogo kama kiberiti. Alitaka kuufunga mnara gazetini, paa likamng'okea mkononi.

Emil, mwaka sabini na nne uliniandikia mara moja tu kuhusu siku ile ulipoondoka. Ulisema ulikaa dirishani kwenye behewa ukatazama juu mnarani, ukijua yuko zamu, ukijua ni yeye atakayetoa ishara ya kuondoka. Ukasema alikuwa amekupa mgongo. Mimi sikuamini. Nilifikiri kwa mbali vile ungewezaje kuona, ni hasira tu inasema.

Ndani ya mnara mna mtu mmoja, na meza, na simu. Ameupa mgongo upande wa stesheni.

Kumbe alijua. Miaka yote hiyo alijua kwamba ulikuwa unatazama, na kwamba ulimwona.

Chini ya kimeza kile cha mnarani palikuwa na karatasi iliyokunjwa mpaka ikawa kama stempu. Ni karatasi ya kweli ya reli, ile nyembamba ya kijani, na wino umefifia. Nainakili kama ilivyo:

"Kettle Run, 9 Oktoba 1969. Kwa Namba 25. Subiri stesheni. Usiondoke mpaka abiria Emil Hudak ashuke. A. Hudak, mnarani."

Walt aliisoma akakaa juu ya sanduku. Kisha akasema, "Siku ile niliyeendesha ni mimi."

Mimi sikujua. Wewe ulijua?

"Alinipa ishara ya kijani kwa dakika yake ya ratiba," Walt akasema. "Miaka thelathini na moja Andy hakuchelewesha treni hata moja. Askofu alichelewa, akamwacha. Lakini angeniambia tu, Bernadette. Ningengoja. Dakika kumi, saa nzima, ningengoja."

Nilimwambia Dwayne aendelee, tutoe kipande hicho nacho, tumalize. Nilitaka kiondoke mbele ya macho yangu. Curtis akajiweka mbele ya ubao kama mlinzi wa benki.

"Hii haiguswi."

"Mzee wangu," Dwayne akasema, "ni kitreni cha kiganjani."

"Amri iko hai."

"Aliyeitoa si amekufa?"

"Amri ya treni haifi na aliyeiandika," Walt akamjibu. "Ataifuta yeye, au itatimizwa. Yeye hawezi tena kuifuta."

Dwayne alinitazama, nami nikamtazama. Wazee wawili, mmoja alifukuzwa kwenye ngazi hizo kwa ajili ya treni hiyo hiyo, wamekunja mikono na macho yamewaiva. Tukakiacha.

Hivyo ndivyo ilivyo sasa. Kuta zimekauka na zimebandikwa bodi mpya za jipsamu, bafu limewekwa vigae na vyuma vya kushikia, mlango umepanuliwa ili kiti cha magurudumu kipite kikihitajika. Na katikati ya sakafu tupu kuna ubao mmoja kwenye miguu yake minne, na 25 juu yake, inawaka. Dwayne anafagia kuuzunguka. Asubuhi akiingia anaisalimia, anadhani simsikii. Reli zote nyingine zimeshatoka, Emil, hakuna kinachoweza kutembea humo ndani. Na bado jana saa tisa nikiwa na vyombo mkononi, tiki-tiki.

Nilishuka na tochi nikachungulia madirisha ya behewa. La pili, upande wa mnara. Amekaa mtu mmoja, koti la kijivu, kofia mapajani. Koti lile nililipiga pasi mimi, usiku wa kuamkia safari yako, huku nikiomba mvua inyeshe reli isombwe.

Sikuambii umsamehe. Mimi mwenyewe bado namkasirikia. Miaka ishirini na minane mtu aliweza kununua gundi na rangi na balbu ndogo kama punje ya mtama, akashindwa kununua stempu moja. Alijenga mji mzima ili asiandike barua. Ulipotolewa msamaha kwa vijana waliokimbia nchi kwa kukataa vita kama wewe, Mama alimwomba akuite. Akashuka chini akapaka rangi kanisa. Nilimchukia siku hiyo, na sasa kila nikilikumbuka kanisa lile naona alivyokuwa ameinama.

Kitanda cha Mama kinaletwa Jumanne tarehe kumi na nne Aprili, baada ya Pasaka. Ubao umekaa mahali pa kitanda. Mama amekataa usogezwe na amekataa kitanda kiende kwingine. Amesema kungoja kwenye kochi hakutamuua. Ana miaka themanini na minne, Emil. Nataka alale chumbani mwake, na nataka yule aliyewashiwa taa ateremke mbele ya macho yake. Nitaoka mkate wa Pasaka na Walt anasema atakuja kukupokea uwanja wa ndege, hata ufike saa ngapi. Nakuomba. Njoo ushuke.

Mama anakubusu na anauliza kama bado unakula kabichi zilizoviringwa au Noreen amekuharibu. Walt na Curtis wanakusalimu, na Dwayne pia, ingawa hakujui. Nisalimie Noreen na wale mapadri wako. Mungu akulinde njiani, popote uamuapo njia hiyo iende.

Wako akupendaye siku zote,
dada yako,
Bernadette

Nyongeza: Betri nimeibadilisha leo asubuhi, kwa mkono wangu. Walt anasema inadumu wiki tatu.