Kigoda Chako Kimehamia Saluni

Mama yangu,

Salma kalala, nimepata nafasi ya kukaa na wewe kidogo. Ulimwacha anatambaa, sasa anakwenda shule na begi mgongoni. Tuko salama. Baridi imeanza, ile ya Joburg ya kuingia mpaka ndani ya soksi, na blanketi lako la kahawia ndilo tunalojifunika.

Mama, nimeacha maktaba. Nakwambia mapema lisinikae kooni. Chumba kile cha Troyeville uliniachia wewe mwenyewe, ukaniambia, "Kazi ya vitabu ina heshima, mwanangu, usiitupe." Nilikaa nayo baada yako. Nilifuta vumbi, nikavisha vitabu plastiki, migongo nikaipanga mstari mmoja kama ulivyonifundisha. Lakini posho ya kamati ya maktaba haikututosha mimi na mtoto. Na pale mezani ulipokuwa unakaa... kimya kile sikukiweza. Ufunguo nimempa Mwajuma, yule dada wa Burundi aliyekuwa anakuja kusoma jioni. Anafungua Jumamosi, na watu wanakuja.

Mimi sasa nasuka nywele mjini, kwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu. Ghorofani kuna kanisa, chini ndiyo sisi, kelele juu, kelele chini. Mwanzoni nilikuwa naongea kwa sauti yetu ya maktaba, wateja wananiuliza mara mbili mbili. Mama Furaha alicheka mpaka akakaa. "We mutoto, sema na nguvu, hapa hatuko ku biblioteke." Basi jina likanibaki, Biblioteke, yaani maktaba kwa Kifaransa chao. Eish, Mama. Nilikuwa nacheka nao, lakini nikirudi nyumbani najiuliza kama nimekukosea.

Halafu siku moja akaletwa mtoto, rika la Salma, akiona chanuo tu analia. Mama yake kachoka, wasusi wote wanamfokea atulie, ndiyo kwanza anazidi. Nikainama sikioni pake, nikaanza ile hadithi yako ya paka aliyekataa kuoga, nusu Kiswahili, nusu Kizulu, polepole, kwa sauti ileile ya chini. Akanyamaza. Ilibidi anyamaze ili anisikie. Nikamsuka mpaka nywele ya mwisho, njia zimenyooka kama rafu zako. Kesho yake nikakuta Mama Furaha kanitengea kona ya watoto, pale dirishani.

Ndipo nikaenda kumwomba Mwajuma kigoda chako, kile ulichokuwa unapanda kufikia rafu ya juu. Nilikipakata kwenye teksi, dereva akaniuliza kama nacho kinalipa nauli. Sasa watoto wanakikalia nikiwasuka, nikimaliza wanakipanda kujitazama kwenye kioo.

Juzi Salma naye alikipanda. Huyu mjukuu wako nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kizulu, nimeshazoea. Lakini siku hiyo alijitazama, akatazama kigoda, akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Bibi alikuwa mfupi?" Nikamwambia mfupi, ndiyo, na hakuna kitabu kilichomshinda kukifikia.

Sijioni tena kama nimeitupa kazi yako, Mama. Nadhani nimeihamisha tu.

Pumzika mama yangu, dua zangu zinakufuata kila swala. Na ninakuahidi hivi: kila mtoto atakayekalia kigoda chako ataondoka kasukwa, na hadithi moja kichwani.

Mwanao,
Rehema