Hewa Iliyosomeka Safi

Tanga

Kwa Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Mbwera, na mguu wa Mama uwe umepata nafuu tangu umpeleke hospitali ya Mchukwi. Je, mmeshashuka madunguni mnakolindia shamba, au nguruwe bado wanasumbua mpunga? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia, na sababu ni Saidi, yule wa Dimani niliyekuja naye huku kiwandani.

Najua habari iliyofika huko, kwamba Saidi alifukuzwa kazi kwa ulevi. Nimesikia baba yake, mwalimu wa madrasa, hataki hata kula naye sahani moja, na mkewe amechukuliwa na wazazi wake. Habari hiyo ni ya uongo, Baba, na uongo wenyewe ulianzia kwangu.

Tangu kiwanda hiki cha chokaa kiuzwe kwa mtu binafsi, tumeletewa mtambo wa kupima gesi ya sumu inayotoka kwenye tanuri. Gesi yenyewe haina harufu. Mimi ndiye niliyefundishwa kuuangalia, wiki mbili tu, nikarudi nimevimba kichwa, wenzangu wakaniita Injinia. Namba zinazotoka kwenye vipimo hurukaruka kwa vumbi na umeme, kwa hiyo kompyuta huzichuja: hukusanya za dakika nzima na kutoa wastani. King'ora kilipozidi kupiga kelele, msimamizi aliniambia nirefushe muda huo, nikaweka dakika kumi. Hapo gesi ikija kwa nguvu na kupita, wastani unaimeza, na king'ora hakilii.

Kosa kubwa ni hili. Kila asubuhi mtambo huonjeshwa hewa safi ya mtungi, ili ujue sifuri ni ipi. Siku ile mtungi ulikuwa mtupu. Nikasema moyoni hewa ni hewa, nikauonjesha ya mle chumba cha tanuri. Kumbe tanuri lilikuwa limeshaanza kuvuja. Mtambo ukaishika hewa ile chafu kuwa ndiyo safi.

Saidi alifanya kazi mle hadi adhuhuri.

"Kaka Rama, kichwa chaniuma, na miguu siisikii," aliniambia.

Nikatazama kompyuta. "Hewa safi, bwana. Acha uvivu."

Alitoka akipepesuka, akatapika getini mbele ya walinzi. Wakaandika amelewa. Nilipoulizwa kuhusu hewa, niliwapa karatasi ya kompyuta, na ndiyo iliyomfukuzisha.

Mtungi mpya ulikuja juzi; hadi hapo mtambo ulikuwa bado na sifuri ya siku ile. Nilipouonjesha mtambo hewa safi, ukasoma chini ya sifuri: kumbe sifuri niliyoupa ilikuwa na sumu ndani yake. Nilikaa sakafuni, Baba, nikalia.

Nimemwandikia meneja yote haya kwa jina langu. Huenda nami nikafukuzwa, niwekeeni jembe. Lakini majibu ya ofisini huchelewa, na Saidi anaumia sasa. Nakuomba upande boti, uende Dimani siku ya Ijumaa, na watu wakitoka msikitini umsomee baba yake barua hii mbele yao. Usiruke neno, hasa lile nililomjibu Saidi.

Nisalimie Mama, na Shangazi Mwanahawa msuka mikeka, na mdogo wangu Zuhura.

Saidi usimpe salamu zangu, sistahili. Mwambie tu kwamba hakulewa. Siku ile haikumbuki vizuri, na nasikia naye ameanza kuamini walivyosema.

Mwanao,
Ramadhani