Mama Mkwe Anapaa, Mimi Nalima Maji

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana haya ninayokuandikia sijamwambia hata mke wangu Enora, na nikimwona mama yake barabarani nainama najifanya nafunga kamba za viatu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka arobaini na sita, na kwa majira matatu ya baridi nimekuwa nikibuni na kuunda kimashua cha tanga cha mtu mmoja, chepesi, chenye mabawa chini ya maji, ambacho kikishika kasi kinanyanyuka chote na kupaa, na kazi hiyo nimeifanyia kwenye banda la mama mkwe wangu Soizig, aliyefuga chaza maisha yake yote na sasa amestaafu, na si banda tu alilonipa, mshauri, bali kila Jumamosi alikaa nami akiyapiga mabawa msasa mpaka yakateleza kama sabuni, kwa sababu nilimwambia kila mkwaruzo unayapa maji nafasi ya kutuvuta nyuma. Kwa sababu hiyo hiyo nililichora bawa kuu jembamba mno, na kwenye kompyuta nikaingiza uzito wangu wa siku ya harusi, kilo sitini na nane, ingawa sasa nimezipita hizo kwa mbali.

Mwezi Mei tukakishusha. Nikapanda mimi, upepo mzuri kabisa, na kimashua kikalima maji tu, hata mzee mmoja aliyekuwa anapiga kasia akanipita akinisalimia. Mama mkwe akasema, "Nipishe kidogo, mwanangu, nami nijaribu." Ana kilo hamsini na mbili. Hakufika mita mia, akawa yuko hewani, anacheka peke yake, na watu waliokuwa wanakunywa kahawa gatini wakasimama wote. Aliporudi alinikumbatia na maji yake, akaniambia, "Goulven, umeunda kitu kizuri sana," na mimi, Mungu anisamehe, niliumia.

Sasa Jumapili kuna mashindano ya klabu, na kila mtu anauliza Soizig atapanda saa ngapi, hakuna anayeuliza habari zangu. Jumamosi iliyopita, alipokuwa ameshaingiza mguu mmoja, nikamuuliza kwa sauti ya kawaida kama mchana tutakula yule mnyama wa masikio marefu kwa haradali, ila mimi nilimtaja kwa jina lake, na nilimtaja kwa makusudi, tena mtu akiwa chomboni. Mama akautoa mguu, akavua jaketi la kuokolea, akalikunja, akarudi nyumbani kwa miguu, na amesema hatakipanda tena. Kibaya zaidi anadhani nilipitiwa, na amemwambia Enora asinigombeze. Je, ninyamaze nipande mimi, au nimwambie?

Goulven, Ghuba ya Quiberon

Bi Katell anajibu:

Goulven, kwanza nimecheka mpaka nikaweka kikombe chini. Kisha nimekasirika.

Mimi naandika nikiwa nchi kavu, kwa hiyo nitamtaja: sungura. Umemtumia sungura kumshusha mama aliyekupa banda lake na Jumamosi zake za miaka mitatu. Angelitaja mtu wa Paris, tungesema hajui. Wewe umezaliwa huku, unajua fika kwamba kwa mabaharia wetu jina hilo ni nuksi, halitajwi chomboni, na ndiyo maana ulilichagua.

Nakuelewa, usidhani sikuelewi. Mtu anaota miaka mitatu kwamba yuko juu ya maji, halafu anabaki ufukweni ameshika taulo la mwenzake. Inauma. Lakini isome tena barua yako, mwalimu wa hesabu. Uliidanganya kompyuta, nayo kwa utiifu ikakuchorea chombo cha mama mkwe wako. Bawa jembamba linataka mtu mwepesi, basi. Kile kilichopaa mwezi Mei ni kazi ya kichwa chako, na yeye ndiye mtu wa kwanza kukusifu.

Sasa fanya hivi. Leo, si kesho, nenda kwake peke yako, wala usipige simu. Usianze na habari za hali ya hewa. Mwambie, "Mama, sikupitiwa. Nilikuonea wivu." Halafu usijitetee. Akisema chombo kimeshaingia nuksi, usibishane naye kwa hesabu zako. Muulize wazee wake walikuwa wanaiondoaje, na ufanye atakachokuambia. Akikataa kabisa, basi Jumapili hiyo na wewe hupandi. Baridi ikirudi, panda mzani, andika kilo zako zote bila kujihurumia, uchore bawa la pili, pana, la kwako.

Na akikubali, Jumapili ingia majini hadi kiunoni, umshikilie kimashua mpaka akae sawa na tanga lishike upepo. Kisha uachie.