Babu, Bado Kuna Kelele Kwenye Matuta Yako

Babu yangu uliyelala Mollo,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padre kwenye kitubio, maana sina hakika kama ni dhambi. Tangu mvua zianze kupungua nimekuwa nikienda shambani kwako, natafuta tuta ambalo halijafunikwa, napiga magoti, naingiza uso kwenye nyasi na kupiga kelele.

Ndiyo, mimi. Yule ambaye mwalimu wa darasa alimwandikia kwenye ripoti, “Ni mpole mno, hata sijui kama ana sauti.”

Unajua nilikojifunza. Nilikuwa bado shule ya msingi, Bibi kanituma nikuletee uji wa ulezi shambani. Ulikuwa unatengeneza matuta ya ntumba kama wazee wote wa huku: unafyeka nyasi, unazirundika, unazifunika udongo zioze ndani, juu yake unapanda maharage. Ila wewe ulikuwa na hatua moja ambayo wenzako hawakuwa nayo. Kabla ya kufunika, uliinama mpaka kofia ikaanguka, ukazipigia kelele zile nyasi:

“Kasiani! Ng’ombe wako ana akili kukuzidi! Yeye angalau anajua mahindi si yake, ndiyo maana anayala haraka haraka!”

Ukafunika udongo, ukaupigapiga kwa jembe, ukageuka ukaniona. Nikasema shikamoo, kwa sababu sikujua kingine cha kusema.

“Marahaba. Uji haujapoa?”

Ulikunywa, ukafuta masharubu, ndipo ukanieleza. Nesi alikuwa amekuonya kuhusu presha, akasema hasira zitakumaliza. Na wewe ulikuwa katekista, huwezi kumtukana mtu Jumamosi kisha Jumapili umfundishe kusameheana. “Nyumbani nako siwezi kwenda nazo,” ulisema. “Bibi yako ana za kwake. Basi naziacha humu. Nyasi zinaoza, nazo zinaoza. Maharage hayaulizi yamekula nini.”

Njiani tukakutana na Mzee Kasiani mwenyewe. Ulimshika mkono kwa mikono yako yote miwili. “Ndugu yangu! Ng’ombe hawajambo?” Nilikaribia kudondosha chupa ya uji.

Kuanzia siku hiyo kila ulipokuwa na matuta ulimwambia Bibi uji niulete mimi, si mwingine. Nilisikia habari za kwaya iliyopandisha wimbo hadi juu ya paa, habari za shemeji yako wa Kasense, hata za kiatu chako cha kushoto. Watu walipokusifu kwa uvumilivu mimi nilikuwa natazama chini, na wao wakasema, “Huyu mtoto ana haya kweli.”

Sasa sikia yaliyonipata. Misa yako ya mwaka mmoja ilipokaribia, familia ilikaa kikao pale kwetu Malangali. Mama Anjela, yule mwenyekiti wa jumuiya yenu ya Mollo, alikuja kusaidia mipango. Mimi nilikuwa nasambaza chai. Akaninyooshea kidole, andazi likiwa bado mkononi: “Neno la wajukuu asome huyu. Kamaliza kidato cha nne, kusoma si ndiyo kazi yake?” Wote wakapiga makofi. Mimi nikammwagia Baba Mkubwa chai.

Kesho yake tumbo likaanza. Lilikaza kama kamba ya kufungia gunia. Usingizi ukakata, ugali ukawa unagoma kooni. Mama alisema ni taifodi. Baba alisema ni baridi, kwa sababu kwa Baba kila kitu hapa Sumbawanga ni baridi, hata jino. Zahanati wakanipima, hawakuona kitu.

“Ana msongo wa mawazo,” nesi akasema.

“Mawazo ya nini?” Mama akang’aka. “Hana mume, hana mtoto, hana hata kuku!”

Nesi hakucheka. Aliniuliza ninaogopa nini, nikanong’ona, “Maikrofoni.” Akamweleza Mama kwamba mwili hautofautishi nyoka na maikrofoni, ukiona hatari, moyo unakimbia na tumbo linafunga. Akaniambia nijifunze kuvuta pumzi polepole, na nitafute mtu nimwambie yaliyo moyoni.

Mtu! Babu, ningekuwa na uwezo wa kumwambia mtu, si ningesoma tu hilo neno?

Ndipo nikalikumbuka shamba lako. Siku za kwanza nilinong’ona tu, nadhani nyasi zenyewe hazikusikia. Lakini siku moja kabla ya misa tumbo lilinibana hadi nikatembea nimejikunja. Nikapiga magoti, nikavuta pumzi, nikaachia yote:

“Sitaki kusimama mbele ya watu! Mama Anjela na kiherehere chake! Asome yeye, si ana mdomo kama spika ya kanisa!”

Nyuma ya mahindi kitu kikaanguka, pu! Akatokea Mama Anjela, mundu mkononi, mzigo wake wa majani ya ng’ombe uko chini.

Nilitamani unisogezee nafasi huko uliko.

Alinitazama. Akalitazama tuta. Akaweka mundu chini, akakunja kitenge, akasema, “Hebu sogea.” Akapiga magoti kwa shida, akaingiza uso na kilemba chake chote:

“Nimechoka! Kila msiba mimi, kila harusi mimi! Mgongo unauma na hakuna anayeuliza! Na mawifi zangu wale, wali wao ni uji!”

Alipoinuka alikuwa na majani kwenye nyusi. Tukafunika udongo pamoja. “Hili tuta,” akasema akihema, “maharage yake watu watayaogopa.” Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokuwa nimekaa nikagundua tumbo limeachia. Nikamwambia ninavyoogopa, kwa sauti ya kawaida. Akasema, “Kesho nitakaa mbele. Usitazame watu, nitazame mimi.”

Basi nilisoma, Babu. Nilishika maikrofoni, tumbo likaguruma mara moja, kigango kizima kikasikia. Nilikuwa naendelea vizuri mpaka nikafika pale familia ilipoandika, “Babu hakuwahi kumkasirikia mtu yeyote.” Nikainua macho. Mzee Kasiani anaitikia kwa kichwa akifuta machozi. Mama Anjela ameuma ncha ya kitenge, mabega yanaruka. Nami nikashindwa, kicheko kikanitoka, nikaziba uso. Kina mama wakadhani nalia. “Pole mwanetu! Jikaze mama!” Nikajikaza. Nikasoma hadi nukta ya mwisho.

Sasa natembea mjini mara nyingi kidogo kuliko zamani, na nawasalimia watu kabla hawajanisalimia. Tumbo bado hunibana siku nyingine, lakini najua pa kwenda, na najua nani anakata majani karibu. Ila kuna kitu nakiwaza. Nyasi ulikuwa nazo kila siku, Babu. Mbona ulikuwa unasubiri mpaka nifike na uji?

Miaka yote nilidhani nakuletea uji.

Maharage ya tuta letu yameshachomoza, na kweli yanatisha. Tafadhali, haya niliyokuandikia asiyajue Mama, wala padre, na zaidi ya wote Mzee Kasiani. Na wewe mwingine ambaye barua hii imekupitia mkononi, kama huwezi kunyamaza, nenda Mollo, yaseme kwenye nyasi, kisha ufunike vizuri.

Ni mimi mjukuu wako, mleta uji.