Mzee Amelala Chali kwa Ajili ya Wageni

Akina mama wa kanisa, nawaambia hapa kwa simu kwa sababu mbele yenu nimeshindwa: acheni kuja kwangu kukaa tu. Mnanisikia? Kukaa tumekaa vya kutosha.

Leo Jumatatu Njoro kumeamka na ukungu na baridi ya kuuma magoti. Mzee wangu amelala kwa ubavu, uso ukutani. Ni mwezi wa tatu tangu kiharusi kimwangushe zizini. Upande wa kulia haushtuki, na mdomo hautoi neno. Namsikia akipumua. Hiyo ndiyo stori yetu ya siku nzima.

Sista wa dispensari alinifundisha mapema. Kila masaa mawili mgeuze, ubavu huu, kisha ule, usimwache chali. Alisema mara moja tu, akaondoka bila kuonja chai yangu. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini masikio ninayo. Nilifuata, na ngozi yake ikakaa safi.

Halafu mkaja nyinyi. Jumatano, Jumamosi, Jumapili baada ya ibada. Mmeleta unga, sukari, blanketi nzuri ya maua. Asanteni, si ati sioni. Lakini kwetu mgonjwa hawapi wageni mgongo. Ni aibu. Kwa hivyo mkibisha tu, namlaza chali, namwinua kichwa kwa mito, nampangusa mate, namfunika mpaka kidevuni. Mama Wairimu, mwenyekiti wenu, jana akasema, "Bwana asifiwe, Mzee anapendeza! Mama Kamau, unamtunza mpaka ng'ombe zako zinaona wivu."

Tukacheka. Mkaimba, mkaomba mmoja mmoja, mkamaliza thamosi mbili za chai. Masaa manne, matano. Mzee chali.

Sasa niseme ukweli.

Haikuwa aibu peke yake. Nilikuwa sitaki muondoke.

Mkitoka hapa nyumba inanyamaza mpaka nasikia kuku wakichakura nje. Watoto wako mbali, na simu zao ni za dakika mbili. Kwa hivyo niliona saa zikipita, nikaongeza maziwa kwa sufuria. Nilijua ninachofanya.

Leo asubuhi sista akaja, akanusa hata kabla hajafunua blanketi. Juu kidogo ya makalio kuna kidonda, kidole kinaingia.

"Shosho," akaniita kama nyanya yake, "hii imeanza lini?"

Nikasema sijui. Uongo.

"Ulikuwa unamgeuza?"

"Kulikuwa na wageni."

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Aliosha, akafunga, hakuacha hata Mzee alipolia. Ndiyo, alilia. Miezi mitatu sijasikia sauti ya mume wangu, na ya kwanza ikawa hiyo.

Kisha akaniambia kidonda kikizidi anapelekwa hospitali Nakuru, na kwa umri wake hawezi kuniahidi atarudi. Akafunga mkoba akaenda. Wagonjwa wake wako mpaka kule Mau Narok. Nilitamani akae kidogo. Nilitamani hata anigombeze.

Nyinyi siku nzima mnayo. Na hakuna mmoja aliyewahi kuuliza chini ya ile blanketi kuna nini. Mimi niliyejua nikaendelea kuwapimia sukari.

Kwa hivyo sikieni. Kuanzia Jumatano mtamkuta ameangalia ukuta, na hivyo hivyo mtamsalimia. Mwimbieni mgongo, Mungu anasikia. Halafu mmoja anashika mabega, mwingine magoti, mnamgeuza pamoja. Msimburute kwa shuka, inachuna ngozi. Nitawaonyesha mimi mwenyewe. Asiyeweza kumgeuza, afue shuka. Asiyeweza kufua akae na mimi tuongee, na hiyo pia ni kazi, nimekubali kusema.

Mama Wairimu, wewe ndiye wa kwanza. Kuja saa tatu asubuhi, na ukate hizo kucha zako ndefu, zisimchune.